Nembo Kwenye Koti ya Gikomba

Nduta, ile koti ya kijani uliyonichagulia kwenye mitumba ya Gikomba imenimaliza.

Nimetoka kutetea pendekezo langu la utafiti saa hii. Nimekaa tu kwa ngazi, hata nguvu ya kurudi nyumbani Pipeline sina.

Nadharia nilieleza vizuri. Kwamba siasa ya nje ya nchi za Ulaya huanzia nyumbani, kwa vyama na wapiga kura, si kwa mabalozi. Nikaongeza kwamba mtafiti asiegemee upande wowote.

Mtahini mmoja, mama aliyesomea huko Ulaya, akavua miwani. "Na hilo ua lililoshonwa kifuani?"

Nikamwambia ni urembo tu.

"Hiyo ni nembo ya chama unachokichunguza."

Kile chama changu cha tasnifu, Nduta. Kile cha kufukuza wageni. Miaka miwili nakisoma kwa makala zisizo na picha, na nembo yake nimeivaa hadi kanisani.

Akauliza niliitoa wapi. Nikasema Gikomba. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Wamenirudisha nikaandike upya sehemu ya mbinu za utafiti, pale nilipodai siegemei upande.

Lakini kinachoniuma ni kwamba hao watu hawataki nivuke mpaka wao, na koti yao imefika hadi kwangu bila kuulizwa viza.