Hodi kwenye Nyumba Tupu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, na goti lako limepata nafuu? Watoto je, bado wanagombania kukaa dirishani? Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi tu, nacho tumeshazoeana.

Barua yako imefika. Nimefurahi kusikia utakuja mwezi ujao, na ndiyo maana nakujibu haraka.

Uliuliza kama bado nabomoa. Nabomoa, lakini siku hizi si kwa tingatinga na kusomba kila kitu jalalani. Msimamizi wetu hataki kuona hata msumari ukitupwa. Nyumba tunaivua kwa mikono, tukianzia na kilichowekwa mwisho: vioo, milango, mabati, mbao. Matofali tunayakwangua saruji yapate kujengewa tena, na vifusi vinasagwa vikamwagwe chini ya sakafu za wengine. Lori la taka sasa linaondoka nusu tupu, na dereva wake, anayelipwa kwa mzigo, ananuna kweli.

Milango ni kazi yangu. Kila mlango, kabla sijafungua bawaba, napiga hodi. Sijui nilianzaje. Naona vibaya kuingia kwa watu kimyakimya, hata kama wenyewe walishahama. Wenzangu wananiita Bwana Hodi, nami naitika.

Juzi nilipiga hodi, sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, “Karibu!” Kumbe ni fundi mwashi wetu, mzee asiyeishiwa utani, amejificha jikoni huku amebana pua. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi, dada, nilikaa juu ya rundo la matofali nikalia. Fundi akaja kuniuliza kama nimefiwa, nikamwambia ni vumbi.

Halikuwa vumbi. Wifi yako aliondoka tangu mvua zilipoanza. Hatukugombana, alisema amechoka kuishi na mtu asiyesema neno, akafunga sanduku lake. Salamu zake nilizokuwa nakuandikia nilizitunga mwenyewe, hata ule ushauri wa kukanda goti. Tangu hapo sijaambiwa karibu na mtu yeyote, mpaka fundi alipobana pua.

Basi zile sahani ulizoandika kwamba umemnunulia wifi yako, usizibebe. Njoo wewe. Wasalimie watoto; huku mwenye kuwasalimu ni mimi peke yangu. Ukifika kabla sijatoka kazini, ufunguo uko kwa jirani, fundi cherehani. Ingia, ujifungie, ukae ndani.

Nitapiga hodi.

Mdogo wako