Nyasi ya Kwenye Ufa

Kwako Kaka, mbishi wa nyumba hii,

Sisi hatujambo. Bomba la uani bado linavuja, na fundi ni yuleyule wa “kesho asubuhi”.

Nina kioja cha kukusimulia. Unakumbuka Baba alivyomwaga zege ua mzima, akajigamba kwamba hapa hata jani halitachungulia? Basi limechungulia! Kwenye ufa chini ya bomba, penye mchanga usiojaza kijiko, imeota nyasi nyembamba kama uzi, haifiki hata urefu wa kidole. Haina mbolea wala kivuli. Ina matone ya maji na jua la kuchoma. Nayo ikatoa suke, dogo kama kope! Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Nilipoinama kuing'oa, maana ndiyo amri ya nyumba hii, Baba akasema kutoka kitini, “Iache.” Kaka, tangu apooze hatukuwahi kusikia neno kinywani mwake. Mama aliangusha sufuria.

Sasa kila asubuhi tunamsogeza karibu nayo. Jirani yetu mwalimu anasema nyasi hii huishi msimu mmoja tu. Ikipukutisha mbegu, hufa. Imeshaanza kukauka.

Jana Baba akauliza, “Yule mbishi anakuja lini?” Hakutaja jina, wala hatukuuliza ni nani. Najua mlivyogombana siku ile ya zege, ukatupa koleo lake ukaondoka. Lakini nyasi hii ikifa, mwakani itaota nyingine palepale. Baba ni mmoja.

Mdogo wako,
mlinzi wa ufa