Kigoda cha lubunga

Mjini Baraka, Jumanne

Itangazwe kwa majirani wote, na kuku wao: leo nimekalia kigoda.

Kigoda cha lubunga, kibanda ambamo wanaume wa ukoo huamua mambo na mwanamke huingia tu kuleta chakula. Walikuwa wanaamua kunirudisha kwetu Kazimia. Shemeji Asukulu anasema nilipotolewa kizazi hospitalini, uanamke nao ulitoka.

Nikaingia, nikakaa kando yake.

“Shemeji, unatafuta nini huku?”

“Si we ulisema mi siko tena mwanamuke? Basi nimekuja kukaa na banaume benzangu.”

Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Asukulu akatazama paa.

Kidonda kilikuwa kinavuta. Na yale maumivu ya miaka yote, ambayo daktari alisema operesheni ingeyamaliza, bado yamelala kiunoni. Naogopa kwamba hayataondoka. Lakini kuumia naweza kuumia nimekaa, tena mbele yao.

Mwishowe wakasema nibaki. Nikatoka taratibu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Jioni mume wangu akaniambia kwamba askari wamefunga njia ya Kazimia tangu asubuhi, ya barabara na ya ziwa, na wazee walijua kabla ya kikao.