Leseni ya Wifi Shemsa

Jang'ombe,
Unguja.
8 Septemba, 2024.

Mpendwa dada yangu Maisara,

Shikamoo dada. Uko vipi huko Maskati, na goti limepoa? Shemeji Haitham na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, ila sukari anaificha chini ya mto, anadhani hatujui.

Utashangaa kupata barua badala ya kusikia sauti yangu. Simu yako unaiweka juu ya meza na spika wazi, kila mtu akasikia, na haya nnayokwambia ni ya masikio yako peke yako. Nimempa jirani yetu Rukaiya, anayesafiri kesho, akufikishie mkononi.

Ni habari ya wifi yetu Shemsa, mke wa kaka Gharib. Unakumbuka alivyoolewa hajui hata kukuna nazi? Mimi ndiye niliyemfundisha urojo, kachori zake, bajia zake, chatne yake. Mwaka jana akafungua meza yake mwenyewe, hatua kumi kutoka yangu.

Mwezi wa tano tukaitwa wauza vyakula wote wa mtaa kwenye mafunzo ya usalama wa chakula. Siku tatu darasani, kisha unapimwa afya, ndipo upewe leseni. Mimi nikacheka. Miaka kumi na tisa nauza urojo, leo nikafundishwe kuosha mikono? Shemsa akaenda. Akapata leseni, akaitia fremu, akaitundika juu ya meza. Haukupita muda, hoteli moja ya Shangani ikamtaka awapikie wageni kila Ijumaa, kwa kuwa hawachukui chakula kwa asiye na leseni. Urojo wangu, dada! Unaliwa Shangani kwenye bakuli za kauri, na mimi niko Jang'ombe nafukuza nzi.

Wivu uliniingia hata chakula hakinipiti. Kila nikiiona ile kofia yake nyeupe ya upishi, roho inanichoma. Hata Bi Ulfat, mteja wangu wa miaka mingi, akawa ananisalimu tu na kupita, anakwenda kununua kwake.

Basi nikafanya jambo la aibu. Nikampigia simu bwana afya, nikamwambia Shemsa anachanganya chatne ya jana na ya leo. Siku ya pili akaja. Akafunua vyombo vya Shemsa kimoja kimoja. Vyote visafi, vimefunikwa, na ndoo ya bomba iko pembeni na sabuni yake. Kisha akageuka.

"Na meza hii ya nani?"

Dada, chatne ya jana ilikuwa kwangu. Na bakuli zote nilikuwa nazisuuza kwenye ndoo moja. Akanifungia palepale, watu wanatazama, mpaka nisome na kupata leseni.

Aliyekuja kunichukua kwenda kujiandikisha ni huyo huyo Shemsa. Akaniazima ndoo yake, akanisubiri nilipokwenda kupimwa. Darasani mwalimu akaeleza chatne ya nazi inavyoharibika kwa joto, na yanayomkuta mtoto akiila. Nilimkumbuka mjukuu wa Bi Ulfat, aliyelazwa siku mbili kwa kuharisha baada ya kula kwangu. Bi Ulfat hakunilaumu hata kwa neno moja, alihama tu. Nshakwenda kumwomba radhi.

Leseni nimeipata juzi. Jana nikamfuata Shemsa jikoni kwake.

"Wifi, aliyekuchongea kwa bwana afya ni mimi."

Hakuacha kuponda viazi. "Najua, wifi. Siku ile uliipiga simu umekaa chini ya dirisha langu."

Miezi miwili anajua, na hakumwambia hata Gharib! Nikalia pale pale mlangoni. Lakini wewe sikufichi: njiani kurudi nyumbani nikamwonea wivu upya, mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Leseni sasa tumelingana, na kwa urojo bado simwogopi. Ule moyo wake ndio sina, na nnautaka.

Mama anakusalimu sana, na Gharib na Shemsa pia. Msalimie shemeji, na uwabusu watoto wote kwa niaba yangu. Mungu akuponye goti lako na akurejeshe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukutamani,

Thuwaiba