Herini za Kuazima

Dar es Salaam,
Jumapili, 14 Juni

Mama yangu Bi Hajira,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta kibarazani na miwani yako mwenyewe, si ile ya kaka Haruna uliyoing'ang'ania. Mguu je, umeacha kuvimba? Mpunga mmekwisha kuvuna, au nguruwe wamewatangulia? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Mengine utayaona humu ndani. Sikupiga simu kwa sababu wewe simu unaipokea kwa spika, na Maparoni nzima inachangia mazungumzo. Haya nataka uyapate peke yako kwanza, ndiyo maana nimempa Hemedy wa boti, tena nimemwapisha asiifungue.

Haruna alipopita hapa wiki jana aliniambia huli vizuri. Alisema herini zako za dhahabu, zile ulizoachiwa na bibi, umezifunga kwenye kitambaa ukazifukia ndani ya pipa la mpunga, na kila anayekuja kukuona unamwambia dhahabu yako ndiyo iliyomuua mama mdogo Mwanahawa. Mama, maneno hayo yamenichoma. Nimezunguka nayo wiki nzima, wodini na darasani, na leo nimeshindwa.

Ngoja nikueleze mambo ya hapa, maana huko mnajua tu kwamba tulimkataa. Chuo chetu cha udaktari kina hospitali yake. Kila mwaka serikali hutoa fungu ili wasiojiweza watibiwe bure, na sisi wanafunzi tujifunze kwa kuwahudumia. Ni mpango mzuri, sisemi vinginevyo. Kazi yote ninayoijua nimejifunzia kwenye miili ya watu wasio na kitu. Mwaka huu fungu lilichelewa. Vifaa vya upasuaji vikapungua, tukaambiwa tuchuje, apokelewe yule tu ambaye kweli hana. Mlangoni ikawekwa meza: afisa ustawi wa jamii, Bwana Huseni, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano wa kumwandikia. Huseni si mtu mbaya. Anachojua ni kutazama viatu, kucha na masikio, basi.

Mwezi wa Machi mama mdogo akafika na uvimbe wake tumboni, na barua ya mtendaji wa kijiji mkononi. Kwetu mgonjwa anayevuka kwenda hospitali kubwa huvishwa na mtaa mzima, asionekane katupwa. Johari alitoa doti yake mpya, Fatu akatoa viatu vyake vya sikukuu ya Idi, nawe ukamvalisha herini kwa mkono wako. Huseni amezaliwa mjini, desturi hiyo haijui. Alipoiona dhahabu aliirudisha barua, akamwambia akaziuze kwanza. Mama mdogo alimjibu kwa upole kwamba si zake, ameazimwa. Huseni akasema kila mwenye dhahabu husema hivyo.

Siku kumi na tisa baadaye mkampakia kwenye boti kumpeleka Kibiti, akafa kabla hamjafika bandarini Nyamisati.

Tangu nilipopata habari hizo hanitoki. Mchana kweupe namwona kwenye benchi la wagonjwa, wa tatu kutoka mlangoni, mikono juu ya tumbo. Nikisogea nakuta ni mama mwingine kabisa, ananishangaa. Nikigusa tumbo la mgonjwa, vidole vyangu vinakuta uvimbe. Juzi daktari bingwa alinitoa wodini kwa sababu nilishikilia kwamba upo, na picha ilionyesha haupo. Mgonjwa akiniambia asante, daktari, nasikia sauti ya mama mdogo, na najikuta nimetoka nje nimeegemea ukuta. Naogopa, mama. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Mama mdogo aliporudi kwako alikwambia hakunikuta, kwamba huenda nilikuwa darasani. Mama, alinikuta. Mwanafunzi aliyekuwa anaandika mezani siku ile ni mimi. Herini nilizitambua kabla ya uso wake, jinsi alivyokuwa amekonda. Huseni alinigeukia akaniuliza kama mimi si mtu wa huko Rufiji, na kama namfahamu huyu mama. Wiki moja kabla nilikuwa nimewasemea wagonjwa wawili wa Mahege, huko huko Rufiji, na mkuu wa idara akanionya mbele ya wenzangu kwamba nikiendelea kujaza ndugu zangu wodini ataniondoa kwenye mafunzo. Nilikuwa nimebakiza miezi minne. Nikasema simfahamu. Nilisema hivyo nikimtazama usoni, mtu aliyebeba sanduku langu kichwani, tope magotini, siku ninaondoka kwenda shule.

Naye hakuniita jina. Angeniita mara moja tu, ningeumbuka pale pale, na pengine angetibiwa. Alisema asante, daktari, akajitanda kanga ya Johari akaondoka. Akanisitiri mbele ya Huseni, akaja kunisitiri kwako, akaingia na siri hiyo kaburini.

Fungu liliingia mwezi wa Mei. Siku hizi tunapokea kila mtu, hata hatuulizi. Orodha ya wasiojiweza waliofika kwetu, ile iliyopelekwa serikalini kuombea fungu hilo, niliiandika mimi, na jina la Mwanahawa limo.

Basi zifukue herini zako, mama, na ule. Ulimwazima kwa moyo safi. Aliyemrudisha Mwanahawa nyumbani ni mwanao. Nimeomba ruhusa, Ijumaa nitakuwa huko, inshallah, nami nitakwenda kwa mumewe, Sadala, na binti yao Rukaya, niwaambie kwa kinywa changu. Wakinifukuza, wana haki. Wewe nawe ukiona uzito kunipokea, usinifiche. Nitafikia kwa Johari.

Nisalimie Johari na Fatu, kaka Haruna na wanawe wote wasiojua shati, na jirani wa upande wa msikitini. Nyumbani kwa Sadala usifikishe salamu zangu. Hizo sina ruhusa ya kuzituma.

Mwanao,
Sabra