Usimpongeze Kitindamimba

Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho,
Jumapili, 14 Agosti 2022.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. Kifua chako kimepoa? Na wifi, goti lake sasa linampa nafasi ya kulala? Sisi tunapumua. Mama anakula kidogo kidogo, nami bado nashona sare kiwandani.

Kaka, zile pongezi ulizomwandalia kitindamimba wetu, zizuie. Shahada haipo.

Unakumbuka Mama alivyozoea kumtania: "Miaka yote unasomea hamira, hata mkate hatujaonja!" Naye hucheka, akaeleza kwamba ndani ya seli ya hamira protini hushikana kwanza, ndipo jeni isomwe. Kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta kubashiri zipi hushikana na zipi hukataana. Ilibashiri vizuri mno, hadi profesa wake akaanza kuitangaza.

Shajara yangu inasema mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 2. Fundi wa maabara alijaribu katika hamira halisi jozi mpya za protini ambazo kompyuta ilibashiri zingeshikana. Hakuna hata moja iliyoshikana. Mdogo wetu akairudia kazi yake, akaliona kosa. Jozi alizoifundishia kompyuta ndizo zilizorudi kwenye mtihani wa kuipima, majina yamegeuzwa tu, la kwanza likawa la pili. Kompyuta haikubashiri kitu. Ilikariri.

Profesa akamwambia, "Nyamaza, binti. Tetea tasnifu kwanza, tutarekebisha baadaye. Nani atajua?"

"Mimi," akamjibu, akaiondoa tasnifu yake. Kesho yake kadi yake ikakataa kufungua mlango wa maabara.

Tangu hapo analala amegeukia ukuta. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akasema, "Dada, hayakumwagika. Niliyamwaga."

Mama anadhani ni uchovu. Keshawatangazia majirani, na juzi walikuja kupongeza. Mdogo wetu akawashukuru mmoja mmoja, kisha akaenda kutapika. Mimi sijapata mdomo wa kumwambia Mama.

Ukipiga simu, usimsifu hata kwa ukweli wake; fundi alimsifu, naye mdogo wetu akashinda bila kula. Mwombe tu aje kukaa kwako. Dirisha letu linatazama lile jengo la maabara. Kila usiku nafunga pazia, na kila asubuhi nakuta amelifungua.

Nisalimie wifi na wale pacha. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako, mshona sare.