Zoezi la Kidoti

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa chuo katangaza kikaoni: somo la kuandika programu litapata kiongozi wake. Walimu watarajiwa lazima wajue kupanga fikra hatua kwa hatua kabla ya kuwapelekea watoto, ndivyo alivyosema. Anachagua kati ya wawili — mimi na Kidoti. Kidoti! Nimemfundisha mwenyewe, chuo hiki hiki, hata kushika chaki alikuwa hajui. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mimi nina miaka kumi na minne hapa, yeye hajatimiza hata miwili.

Jumanne, 4 Machi
Nimepita dirishani kwake. Eti natafuta dasta. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta zote kimya, nikajua leo kaumbuka. Wapi! Kamsimamisha mwanachuo mmoja mbele, kamwambia wewe ndiye kompyuta: usifikiri, fanya kilichoandikwa tu. Wenzake wanaandika amri ubaoni. Hatua tatu mbele, geuka kulia. Jamaa kaparamia dawati! Darasa zima kicheko. Kidoti akauliza kosa la nani, la kompyuta au la aliyeandika? "Letu!" Wakaanza kusahihisha, wanagombania chaki.

Kwangu wananakili tu, na wawili walikuwa wanasinzia. Roho imeniuma. Sina haja ya kujificha humu, imeniuma kweli.

Jumatano, 5 Machi
Baba watoto anasema, si umwombe akuonyeshe? Mimi! Nimwombe yule! Nimemnunia mpaka chai yake ikapoa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeiba. Zoezi lile lile, mpaka na lile swali la kosa la nani. Nikamchagua yule mpole wa dawati la nyuma awe kompyuta. Nikaandika: rudia — hatua moja mbele. Nikasahau kuandika aache lini!

Mtiifu jamani. Katoka mlangoni, kashika korido, kafika ukuta wa ofisi ya Mkuu, na bado anapiga hatua, pua ukutani. Namwita arudi, hageuki. Si nilimwambia afuate kilichoandikwa tu? Mkuu huyo, katoka. Nilitamani ardhi inimeze. Wanachuo wakamweleza huku wameshika mbavu: hatukumwekea sharti la kuacha, hatutasahau tena maisha!

Mkuu kanipa mkono. Hongera, Mwalimu, hili umelibuni wewe?

Nikasema tunajaribujaribu tu. Sikumwambia ndiyo. Ila sikukataa.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi kikaoni Mkuu kanimwagia sifa mbele ya wote. Zoezi langu, ubunifu wangu. Kidoti alikuwa kakaa mbele yangu kabisa. Nikasubiri aseme. Mkuu akamuuliza kama amewahi kuliona. Akasema ndiyo, analitumia darasani, lakini mizizi yake ni kwa Mwalimu: ndiye aliyetufundisha kugawanya kwa njia ndefu, mmoja anasoma hatua, mwenzake anafanya bila kuuliza. Wote wakapiga makofi.

Nilifundisha hivyo? Sikumbuki hata chembe!

Kwa nini hakuniumbua? Angeniumbua ningemchukia kwa raha zangu. Sasa hata wema wake nauonea wivu.

Nimepewa fomu. Mkuu kasema jina litakaloandikwa penye "mbunifu wa zoezi" ndilo atakalolipendekeza kuongoza somo. Irudi kabla ya saa nane. Sasa ni saa saba na nusu, nimejifungia chumba cha walimu, naandika humu badala ya kule. Niandike lake, lililo la haki? Au langu, nani atanilaumu? Au yote mawili. Lakini nafasi ni moja tu, fupi.

Hodi. Ni yeye. Anasema anakwenda ofisini kwa Mkuu, kama nimemaliza fomu aipeleke, nisihangaike na jua.

Nimemwambia subiri kidogo, mwanangu.

Nimeandika herufi ya kwanza kwenye fomu. Ni ya jina langu.